Giaboksi Isiyo na Kosa

Jamani, sogeeni mnisikilize. Mnaoishi na watu wanaojua kila kitu, nanyi mnaojua kila kitu wenyewe, jambo hili linawahusu. Sikuhadithiwa. Niliona kwa macho yangu, na katika ubaya wake sehemu yangu ninayo. Nitaifikia, msinikimbize.

Mimi ni mshona viti vya magari. Cherehani yangu iko pembeni ya gereji, chini ya bati, na kwa miaka kumi na moja nimeshona nikitazama magari ya watu yakifunguliwa na kufungwa. Wananiita Mama Uzi. Mwenye gereji tunamwita Fundi Sikio, kwa sababu yeye huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, anafumba macho, kisha anakwambia gari linaumwa nini. Mara tisa katika kumi alikuwa anapatia. Hiyo ya kumi ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Jumamosi moja asubuhi gereji ilikuwa tulivu. Fundi Sikio alikuwa analihudumia gari la mke wake, gari la otomatiki, zee kidogo lakini safi. Alibadilisha oili, akasafisha chujio la hewa, akapiga msasa plagi, huku anaimba kwa sauti mbaya. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuligusa. "Gari la mke wangu halishikwi ovyo," alisema, na alikuwa anasema kwa mapenzi kabisa.

Mke wake ni mwalimu wa shule ya msingi, nasi tunamwita hivyo hivyo, Mwalimu. Siku hiyo alikuwa amekaa kwenye benchi langu anasahihisha madaftari. Alimtazama mumewe anavyosugua boneti, akaniinamia na kuninong'oneza, "Shoga, angenisugua mimi hivyo, ningekuwa bado msichana."

Tulicheka mpaka binti yao akageuka. Binti huyu alikuwa amemaliza chuo cha ufundi miezi michache nyuma, akarudi nyumbani kufanya kazi na baba yake. Alirudi pia na mashine ndogo ya kupimia magari, ukubwa wa simu, inayochomekwa chini ya usukani na kukuonyesha namba za kila kinachotokea ndani ya injini na giaboksi. Mafundi wenzake walikuwa wanamtania, wanamwita Kipimo. Jina likamganda.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye uhai wa mtu. Figo za Mwalimu zilishindwa kazi mwaka uliopita. Mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, alikuwa lazima aende hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Hospitali yenyewe iko juu ya kilima kirefu nje ya mji. Kila mgonjwa ana saa yake. Ukichelewa, nusu ya muda wako imekwenda. Ukikosa kabisa, unarudi nyumbani na maji na uchafu wako mwilini, na mwili hausubiri.

Jumatatu iliyofuata Mwalimu alirudi amechoka kuliko siku zote. "Gari limenigomea kilimani," alimwambia mumewe. "Nakanyaga mafuta mpaka mwisho, linaguna tu, halivuti. Gia haibadiliki. Inakaa, inakaa, halafu inajitupa kwa kishindo mpaka shingo inauma. Nimechelewa dakika arobaini. Wamenisafisha nusu nusu."

Fundi Sikio aliliwasha gari pale uwanjani. Likanguruma vizuri. Akaweka bisibisi sikioni, akafumba macho, sisi wote tukanyamaza kama kawaida yetu. Akaliendesha mpaka mwisho wa barabara ya tambarare na kurudi. Likaenda bila shida yoyote.

"Giaboksi," alitamka. "Injini ni nzima. Giaboksi ndiyo imechoka."

Kipimo akasogea. "Baba, mbona hapa halina tatizo? Linaumwa kilimani, tukalipime kilimani. Nichomeke mashine, dakika ishirini tu."

"Kabla hujazaliwa mimi nilikuwa nimeshusha giaboksi mia."

"Najua, baba. Ila giaboksi ya otomatiki inafuata injini. Inatazama umekanyaga mafuta kiasi gani na injini imejibu vipi, ndipo ibadilishe gia. Injini ikikosa nguvu, giaboksi inababaika. Inachelewa, inaruka. Tunaweza kuishusha bure, kumbe haina kosa."

Mafundi waliacha kazi, wakasikiliza. Fundi Sikio aliona wanasikiliza, na hapo ndipo uso wake ulipobadilika. "Hiyo simu yako kapigie picha," alisema. Watu wakaangua kicheko.

Binti alitaka kujibu. Na sasa nimefika kwenye sehemu yangu, jamani. Nilimvuta mkono nikampeleka kwenye cherehani yangu, nikamwambia, "Mwanangu, mzee ni mzee. Usimwaibishe baba yako mbele ya watu. Nyamaza, yatakwisha." "Sawa, shangazi," akasema, akanyamaza. Nami nikarudi kwenye uzi wangu nikijiona nimefanya jambo la maana sana.

Siku iliyofuata Fundi Sikio alimwaga oili ya giaboksi akatia mpya. Taa ya njano ya injini ilikuwa inawaka kwenye dashibodi. Akachomoa waya wa betri, akasubiri kidogo, akaurudisha. Taa ikazimika. "Mmeona? Limepona," akatangaza. Nawauliza mimi: mgonjwa ukimziba mdomo, homa imeshuka?

Jumatano gari lilifika katikati ya kilima likakataa. Mwalimu aligeuza akarudi kwa mteremko, saa yake imeshapita. Alhamisi gari likapandishwa kwenye jeki, Fundi Sikio akalala chini yake, akaishusha giaboksi. Akaenda mjini kutafuta nyingine, iliyotumika lakini nzuri. "Kesho asubuhi lipo barabarani," aliahidi.

Ijumaa asubuhi gari lilikuwa bado halina giaboksi. Dereva wa teksi anayeegesha mbele ya gereji jirani, mtu mpole, alikuja akasema, "Fundi, nimpeleke mama. Hata nauli usinipe."

Mnajua Fundi Sikio alijibu nini? "Mke wangu mimi abebwe na teksi, tena inayotengenezwa kwa yule jirani? Watu watasemaje? Namalizia sasa hivi." Sasa hivi yake ikawa saa saba, ikawa saa tisa, ikawa jioni. Mwalimu alikaa kwenye benchi langu na mkoba wake wa hospitali mapajani tangu asubuhi, amevaa kandambili kwa sababu miguu ilikuwa imevimba, viatu haviingii. Hakusema kitu. Nami, mwenye mdomo mrefu kuliko wote pale, sikusema kitu. Kila nikikumbuka siku ile natamani nijizabe kofi.

Mkiniuliza kwa nini hakuondoka mwenyewe, nitawaambia alimpenda mumewe, na mumewe alikuwa anamwambia kila nusu saa, "Bado kidogo tu, mke wangu." Maneno hayo yanaweza kumkalisha mtu mpaka kaburini.

Giaboksi nyingine ilifungwa Jumapili. Jumatatu alfajiri Mwalimu alipanda gari, kwa sababu mumewe aliapa limepona. Hakuwa amesafishwa damu vizuri kwa zaidi ya wiki. Katikati ya kilima, mahali pale pale, gari likaguna, gia ikajivuta, ikajitupa, likakosa nguvu. Safari hii Mwalimu naye alikosa pumzi. Alilisogeza pembeni, akafungua mlango akatoka nusu, akabaki amekaa anahema kwa mdomo wazi. Aliyemkuta ni yule yule dereva wa teksi. Hakuuliza mtu, alimbeba.

Nilifika wodini mchana pamoja na Kipimo. Mwalimu alikuwa na mpira wa hewa puani, uso umejaa. Maji yalikuwa yamefika kwenye mapafu. Daktari, mwanamke mfupi asiye na muda wa kupamba maneno, alituambia nje ya pazia, "Leo tumemwahi. Jumatano nitamruhusu arudi nyumbani. Ila akikosa tena hata mara moja, sitawaahidi kitu. Tumeelewana?" Tukasema tumeelewana.

Tulipoingia, Mwalimu alimpa binti yake ufunguo wa gari. Sauti ilikuwa ndogo lakini alikuwa anaongea vile anavyoongea darasani. "Kadi ya gari ina jina langu, si la baba yako. Bado liko kilimani. Lipime. Ukikuta kweli ni giaboksi, utamwomba baba yako radhi na mimi nitakuwa wa kwanza kusema hukuwa na adabu. Ukikuta siyo, usinyamaze."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, shoga. Nasikia ulimnyamazisha. Basi nenda naye. Umsaidie kusema."

Aibu niliyoipata pale sitaki kuieleza. Nilichukua mkoba wangu tukaenda.

Gari lilikuwa pembeni ya barabara kama lilivyoachwa, mlango mmoja haujafungwa vizuri. Kipimo alichomeka mashine yake, akanipa mkononi. "Shangazi, hii namba ya juu ni hewa inayoingia kwenye injini. Wewe isome tu kwa sauti. Usiache kusoma hata nikisema kitu."

"Mwanangu, mimi ni mtu wa sindano."

"Namba ni namba."

Tukateremka mpaka chini kabisa, tukageuza, tukaanza kupanda. "Ishirini," nikasoma. "Thelathini na tano. Hamsini." Gari lilikuwa linakwenda vizuri tu. "Sasa nakanyaga mpaka chini," akasema. "Sitini," nikasoma. "Sitini na mbili. Hamsini. Arobaini. Ishirini na nane! We, mbona inashuka?" Na papo hapo gari likaguna, likalegea, na nyuma yetu lori likapiga honi mpaka nikadhani nimekufa.

Kipimo alipunguza mafuta, gari likapata pumzi tena. "Nikiomba hewa zaidi inapata pungufu," alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Injini inakabwa koo. Giaboksi inaona mguu umekanyaga mpaka mwisho na nguvu haiji, haijui ishike gia gani." Macho yalikuwa yanamng'aa.

"Basi tumepata! Twende tukamwambie."

"Bado. Mara moja ni bahati."

Tukateremka tena, tukapanda tena. Namba ikapanda, ikashuka pale pale. Tukateremka mara ya tatu. Yule mwenye lori, naye sijui alikuwa amesahau nini mjini, akatukuta tena, akatoa kichwa dirishani akatuuliza kama tuna akili timamu. Kipimo hakumjibu. Mara ya tatu ilikuwa sawasawa na mbili za kwanza, ndipo akakunja kona kuelekea gereji.

Fundi Sikio alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amejiandaa kwenda wodini, shati safi, lakini miguu ilikuwa haimtoki pale. Aliona binti yake anashuka kwenye gari lile, akaanza, "Nani kakupa..."

"Mama amenipa, baba," alijibu kwa heshima. Akafungua boneti. Hakuomba ruhusa wala hakupandisha sauti. Alilegeza vibano vya bomba la hewa, lile bomba nene la mpira linalotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini. Akaingiza vidole kwenye kona yake, akavuta.

Likatoka tambara.

Lilikuwa limejikunja, limeota vumbi upande mmoja. Injini ikivuta hewa kidogo, lilikuwa linalala ubavuni na hewa inapita. Injini ikivuta kwa nguvu, kilimani, lilikuwa linanyanyuka na kuziba koo lote. Ndiyo maana uwanjani gari lilikuwa zima. Ndiyo maana hata sikio la Fundi Sikio halikusikia kitu.

Fundi Sikio alilitazama, akageuka haraka mno. "Ni wewe!" alimwambia binti yake. "Wewe na kuchokonoa kwako! Nilisema gari hili lisishikwe!"

Machozi yakamlenga binti, na mafundi wote wakatazama chini, kila mtu akitafuta spana ambayo haikupotea. Nami nikalitazama lile tambara. Kijani kibichi, mstari wa chungwa. Nikalitambua.

Sikilizeni. Kitambaa kile kiliingia gerejini Jumamosi ile, jora moja, kwa ajili ya viti vya gari la shule ya udereva. Nilikikata mwenyewe. Mabaki yote nilifunga nikampa mwenye gari, isipokuwa kipande kimoja. Kipande hicho alikuja kuniomba mtu anayesafisha chujio la hewa, ili azibe mdomo wa bomba vumbi lisiingie. Ndivyo wanavyofanya pale gerejini, na sheria ya kazi hiyo wanaifundisha kila fundi mpya siku ya kwanza: anayeziba ndiye anayezibua, asimwachie mwingine. Aliyetunga sheria hiyo ni Fundi Sikio.

Nilisimama. Niliogopa, siwafichi, maana bati ninaloshonea chini yake ni lake. "Fundi," nikasema, "kitambaa hicho nilikukatia mimi. Jumamosi ile. Ulikuwa unasafisha chujio, na mwanao alikuwa upande ule anapanga plagi."

"Mama Uzi, una uhakika?"

"Nakijua kitambaa changu kama unavyoijua injini. Na nilipaswa kusema mapema, si la kitambaa, hilo sikulijua, bali kwamba ulikuwa humsikilizi mtu. Nilimnyamazisha mtoto. Sitamnyamazisha tena."

Nilidhani atanifukuza. Alinyoosha mkono, binti akampa lile tambara. Akaligeuza upande huu, upande ule. Kisha akarudi nyuma taratibu akakaa juu ya ile giaboksi aliyoishusha Alhamisi, giaboksi nzima isiyo na ugonjwa wowote, akaweka uso kwenye viganja. Mabega yalikuwa yanatikisika. Mwanaume yule nilikuwa sijawahi kumwona analia.

Kipimo alichuchumaa mbele yake. "Baba, twende kwa mama."

"Nitamwambiaje?"

"Utamwambia ilivyo."

Tulikwenda watatu. Bomba lilikuwa limefungwa bila tambara, na gari lilipanda kilima kile gia zikibadilika moja baada ya nyingine bila hata kutikisa. Hakuna aliyesifia. Fundi Sikio alikaa kiti cha nyuma akitazama nje.

Wodini alisimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi. "Mwalimu," akasema, "haikuwa giaboksi. Ni mimi. Niliziba bomba Jumamosi nikasahau kuzibua. Na mwanetu alipotaka kupima, nikakataa, kwa sababu watu walikuwa wanatazama."

Mwalimu alijiinua kidogo kwenye mto. Nilisikia mashine ya kitanda cha pili inavyohesabu.

"Wiki nzima," akasema, "nilikuwa nadhani Mungu ndiye ananiita, gari ni kisingizio tu. Nikaanza hata kumwandikia mwanangu barua. Kumbe ni wewe." Akavuta pumzi. "Afadhali. Na Mungu nisingeweza kubishana, na wewe naweza."

Fundi Sikio alijaribu kutabasamu. Alidhani amesamehewa upesi. Lakini Mwalimu hakuwa amemaliza.

"Ila ujue, mume wangu. Ulikuwa unanizika. Ulikuwa umeshika sepetu unanizika, na kila nilipofungua mdomo uliniambia giaboksi."

Fundi Sikio aliweka kofia chini. Alipiga magoti pale sakafuni, mbele ya manesi na wagonjwa, watu wengi kuliko wale aliowaogopa gerejini, akamshika mkewe mguu uliovimba, akabaki hivyo. Mwalimu hakuuondoa.

Ijumaa ya wiki hiyo Mwalimu alifika hospitali robo saa kabla ya saa yake. Mpaka leo ninapowaambia haya, hajakosa hata mara moja.

FUNZO

Mnaweza kuondoka mkisema funzo ni kwamba kabla ya kushusha giaboksi, pima kwanza. Na gari likikosa nguvu, lipime pale linapoumwa, si pale linapokupendeza. Ni kweli, na wenye magari walishike. Lakini gari ni gari.

Sikio la kufa halisikii dawa, wahenga walisema, na kiburi cha ujuzi ndicho kinachoziba sikio. Mtu anayeogopa kukosea mbele ya watu atakosea mahali pabaya zaidi, nyumbani kwake, na gharama atalipa mtu mwingine. Fundi Sikio hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mke wake kwa moyo wote, na mapenzi hayo hayakumsaidia mke wake kupumua.

Na kwenu mnaofanana na mimi, wapatanishi, watu wa "nyamaza, yatakwisha": hayaishi. Heshima inayomnyamazisha mwenye kweli si heshima. Mkubwa akikosea, mwambie kwa adabu, lakini mwambie. Ukimnyamazisha anayetaka kuokoa, umeshika sepetu upande wa pili.